Gari la Kubishiwa Hodi

Sufuria ililetwa kituoni mgongoni mwa lori, ikashushwa nyuma ya jengo, kwenye uwanja ambako polisi huweka magari yaliyoua watu. Halikuwa gari la kiwandani. Lilichomelewa nyumbani, nyuma ya jiko, na mzee mmoja fundi wa mageti, injini na breki akiziokota kwenye magari mabovu. Majirani ndio waliolibandika jina hilo, maana bodi yake ilikuwa bati tupu, na likipita kwenye mashimo lilikuwa likilia kama vyombo vinavyooshwa. Walilicheka mpaka wakachoka.

Sasa kicheko kilikuwa kimekwisha. Jana asubuhi mkwe wa mzee huyo, mume wa binti yake, alilichukua kwenda sokoni. Likashuka mlima bila kusimama, likaingia ubavuni mwa trela pale njia panda. Mkwe yuko mochwari. Shemeji yake, kaka wa mkewe, yuko mahabusu, na kesho anapandishwa kizimbani kwa kosa la kuua. Na kosa la kuua si mafua ya kusema yatapita. Mwana akishaingia humo, mzazi hupika asile, hulala asisinzie.

Aliyepewa kesi alikuwa mpelelezi wa kike, mtu mzima, mzito wa mwendo na wa maneno. Askari wenzake walimwita Msumeno, kwa kuwa alikata mbele na nyuma: akikuhoji wewe, ujue na aliyekushtaki zamu yake inakuja.

"Umechelewa, Afande," alisema mkaguzi wa magari. Alikuwa amelala chali chini ya Sufuria, imebaki miguu tu nje. "Mimi nimeshamaliza. Mpira wa breki umekatwa kwa kisu. Mwandikie huyo kijana kesi yake tukanywe chai."

"Chai haikimbii. Nionyeshe."

Mkaguzi alijivuta nje akipangusa mikono kwenye suruali. Gurudumu la mbele kushoto lilikuwa limepinda ndani kama mguu wa kuku aliyevunjika. Nyuma yake ulining'inia mpira mweusi wenye unene wa kidole, ule unaopeleka mafuta ya breki kwenye gurudumu. Ulikuwa umekatika katikati, safi kabisa, hauna nyuzi wala mchaniko.

"Mpira uliochoka hupasuka," mkaguzi alisema. "Huu haukupasuka. Umekatwa. Na kijana alimwambia marehemu mbele ya watu, 'Ipo siku nitakunyamazisha.' Unataka nini zaidi, akuandikie na wimbo?"

Msumeno alichuchumaa kwa shida, magoti yakalia, akatazama bati lililo juu ya gurudumu. Nalo lilikuwa limekatwa.

"Hili bati nani kalikata?"

"Waokoaji. Miguu ya marehemu ilibanwa. Wakaleta mkasi wao mkubwa wa kukatia vyuma."

"Nipe rula."

"Rula?"

"Basi hata ufito. Chochote kilichonyooka."

Mkaguzi akampa waya wa kuchomelea uliokuwa chini. Msumeno akauweka kwenye ukingo wa bati pale mkato ulipoanzia, akaushusha taratibu. Waya ukafuata mkato wa bati mpaka mwisho, ukavuka pengo, ukaenda kutua juu ya mkato wa mpira.

Mkaguzi akainama kuutazama waya kwa karibu.

"Mkasi mmoja," Msumeno alisema. "Bati na mpira vimekatwa kwa pigo moja. Sasa shika kurunzi, umulike ndani ya hili gurudumu. Unaona nini?"

"Vumbi."

"Kavu au bichi?"

Mkaguzi alipitisha kidole, akakitazama. Aliona aibu kidogo, maana kazi hiyo ilikuwa yake. "Kavu. Mpira ungekatwa kabla, kila akikanyaga breki mafuta yangeruka na gurudumu lingeyatawanya huku ndani kote. Pangekuwa na tope."

"Na nilikuwa nyumbani kwao asubuhi. Pale gari lilipolala hapana tone. Mlima mzima hauna tone. Mafuta yamemwagika mahali pamoja tu, palepale chini ya trela."

"Basi mpira ulikuwa mzima alipotoka."

"Mpira mzima, mafuta yamo, na gari halikusimama. Na lami haina hata alama ya tairi kuburuta. Mimi si fundi. Niambie, inakuwaje?"

Mkaguzi alikuna kichwa. Kisha alifanya lililompasa tangu mwanzo: alifungua mlango wa dereva, akaingiza kichwa chini ya usukani, akakaa huko muda mrefu. Alipotoka hakuwa na utani tena.

"Njoo uone sakafu."

Sakafu ilikuwa ya bati lililopakwa rangi nyeusi. Chini ya pedali ya breki rangi haikuwepo. Palikuwa na kiduara kinachong'aa kama sahani iliyosuguliwa kwa majivu, na katikati yake bati limebonyea.

"Hilo bonyeo ni la jana," mkaguzi alisema. "Alikanyaga kwa nguvu zake zote, akashikilia, hakuachia mpaka mwisho. Lakini huku kung'aa si kwa jana. Pedali imekuwa ikigonga hapa kwa miezi. Breki nzima haifiki sakafuni, Afande. Inagota katikati."

"Ivute hiyo ya mkono."

Mkaguzi akavuta handibreki. Ikaja yote, nyepesi, bila mlio. Akainama kuitazama chini. "Haina waya. Wameifunga boliti mbili sakafuni, basi. Ni pambo."

Msumeno alionyesha mbele ya gari. "Endelea na magurudumu."

Jibu lilikuwa kwenye kalipa, kile kifaa kinachobana diski ili gurudumu lisimame. Zile mbili za mbele zilikuwa zimepakwa rangi nyekundu, zinapendeza kuliko kitu kingine chochote kwenye gari lile. Kila moja ina kijitundu chenye kifuniko cha chuma, cha kutolea upepo uliobaki kwenye mafuta. Mkaguzi alimulika kulia, akazunguka akamulika kushoto, akarudi tena kulia.

"Yameangalia chini," alisema. "Yote mawili."

"Yanatakiwa wapi?"

"Juu! Upepo hupanda juu siku zote. Tundu likiwa chini unatoa mafuta tu, upepo umekaa palepale unakuchekelea. Huyu aliyefunga kaweka ya kulia kushoto na ya kushoto kulia. Zinaingia, boliti zinakaza, huoni kasoro. Lakini hata utoe upepo mpaka Kiyama, hautoki."

"Na ukikanyaga?"

"Mara ya kwanza unaminya upepo, kama kuminya puto. Pedali inazama mpaka chini na gari linakwenda zake. Ukiachia ukakanyaga tena upesi upesi, inaanza kupanda. Ya tatu inashika. Mwenye kujua ataishi nayo. Asiyejua atakanyaga ashikilie, kama alivyofanya huyu."

"Na wote waliokuwa wakiliendesha walijua?"

"Tangu siku ya kwanza, Afande. Hapo huwezi usijue."

Kijana alikuwa kinyozi. Kwenye chumba cha mahojiano alikaa ameinamisha kichwa, bado ana nywele za mteja kwenye mikono ya shati. Konstebo aliyemkamata alisimama mlangoni akiwa na uso wa mtu aliyeshinda.

"Shikamoo, Afande," kijana alisema kwa sauti ndogo.

"Marahaba. Kwa nini ulisema utamnyamazisha shemeji yako?"

"Nilisema. Sikatai."

"Sikuuliza kama ulisema."

Kijana alipumua. "Alikuja kinyozini kwangu, pamejaa watu. Akaanza kuicheka Sufuria. Akasema baba mkwe wake kaunda gari la kukaangia samaki. Watu wakacheka mpaka mmoja akadondoka kwenye kiti. Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika mashine ya kunyolea, nikaona haya, nikasema hilo neno. Ni neno la hasira tu."

"Hebu geuza hicho kiti utazame ukutani. Kaa vizuri. Shika usukani."

"Usukani gani, Afande?"

"Wa hewa. Wewe hujawahi kuwa mtoto? Haya, unaiendesha Sufuria, unashuka mlima wenu. Konstebo ni mbuzi, amekatisha barabara. Simama!"

Konstebo alifungua mdomo kulalamika, lakini mguu wa kijana ulishatangulia. Uligonga sakafu, ukainuka, ukagonga, ukainuka, ndipo ukakanyaga mara ya tatu ukabaki palepale. Mwenyewe aliutazama mguu wake kama mtu aliyesalitiwa na ndugu.

"Mnakuitaje nyumbani, huko kukanyaga mara tatu?" Msumeno aliuliza polepole. "Lazima mna jina lake."

Kijana aliurudisha mguu chini ya kiti. "Kubisha hodi," alisema. "Baba alisema Sufuria ni mtu mzima, haiingiliwi ghafla. Hodi, hodi, karibu. Hiyo ya tatu ndiyo karibu. Sote alitufundisha hivyo. Ilikuwa kichekesho chetu."

"Na shemeji yako alifundishwa?"

Kijana aliuachia usukani wa hewa.

"Nani alimpa ufunguo?"

"Mimi."

Konstebo alishtuka, akaanza kutafuta kalamu.

"Iache hiyo kalamu," Msumeno alimwambia bila kugeuka. "Wewe kijana, kuna bwana mmoja anatembea huko mtaani amenyolewa upande mmoja. Ulimwacha kwenye kiti ukakimbia uliposikia kishindo. Nimeongea naye, amekasirika kweli. Ulikuwa kinyozini tangu asubuhi. Unamkinga nani?"

"Andika ni mimi."

"Nikiandika ni wewe, ulijua breki haishiki na ulikuwa umemtishia, basi hayo ni mauaji. Unanielewa? Utazeekea ndani."

"Nimeelewa, Afande." Machozi yalimtoka lakini sauti haikutikisika. "Andika ni mimi."

Msumeno aliinuka. Baba wa kijana jana asubuhi alikuwa kwa mteja akifunga geti, watu walimwona. Nyumbani walibaki wanawake wawili.

Nyumba ilikuwa juu kabisa ya mlima, na geti lake zuri, maua ya chuma juu mpaka chini. Uani palikuwa na pengo Sufuria ilipokuwa ikilala, na kando ya pengo jiwe kubwa lenye alama ya tairi, la kuizuia isiteremke yenyewe. Msumeno alilitazama jiwe hilo kwa makini zaidi kuliko alivyolitazama asubuhi.

Mama wa nyumba alikuwa kibarazani anachambua mchele, ungo magotini. Mzee alikaa kwenye kigoda, mikono yenye makovu ya cheche imelala mapajani. Binti, mjane wa tangu jana, alikuwa ndani kwenye mkeka, mlango wazi, anatazama ukuta.

"Hodi," Msumeno alisema, na papo hapo akatamani kulirudisha neno hilo mdomoni.

Mama alishtuka, punje zikamwagika. "Karibu, mwanangu. Mmemwachia?"

"Bado, mama. Nimekuja kuuliza jambo moja. Ufunguo wa gari, marehemu alipewa na nani?"

"Alichukua mwenyewe. Ulikuwa ukutani."

Mzee alidakia. "Afande, mnapoteza muda. Gari langu lilikuwa zima. Breki nilitoa upepo kwa mikono yangu, si mara moja. Waliokata mpira ndio mkawatafute."

"Mpira ulikatwa na waokoaji, mzee. Kalipa ulizifungua lini mara ya mwisho?"

"Wakati wa harusi ya binti. Nilizipaka rangi nyekundu, zipendeze. Gari lilikuwa linambeba bibi harusi, wakwe wapo, watu wanatazama. Nilitaka hata wakichungulia kwenye magurudumu waone kazi."

"Ulizirudisha ya kulia kushoto, na ya kushoto kulia."

Mzee alicheka kidogo, kicheko kikavu. Kisha macho yake yakaenda kwenye pengo la uani, na mikono ikaanza kucheza hewani: hii ikafunga hapa, ile ikafunga pale. Msumeno alimwacha. Mikono ilizunguka, ikarudi, ikasimama.

"Na baada ya harusi ndipo hodi ilipoanza," Msumeno alisema.

"Nilidhani ni masta silinda, ile pampu ya breki," mzee alinong'ona. "Nilisema nikipata nyingine nitabadilisha."

Msumeno akamgeukia mama. Hakupandisha sauti. "Mama, kesho asubuhi mwanao anasimama mbele ya hakimu kwa kosa la kuua. Amesema yeye ndiye aliyetoa ufunguo. Anadanganya, na anajua kwa nini anadanganya. Mimi nikipeleka maelezo hayo, hatoki. Akipatikana aliyetoa ufunguo kweli, akasema alivyotoa na alichosema, kijana anarudi. Sina njia nyingine."

Mama alitazama mlangoni. Binti alikuwa ameacha kutazama ukuta.

"Nyamaza, mama watoto," mzee alisema.

"Nimenyamaza sana." Mama aliuweka ungo chini. Alizungumza akitazama mchele, haraka haraka, kama anayeogopa kukatizwa. "Alikuja akasema, 'Mama, naona unga umekwisha, nipe gari nikuletee.' Mkwe huyo, Afande. Anayejua kuagizwa bila kuagizwa. Nikaingia ndani nikatoa ufunguo, nikampa kwa mikono miwili. Neno lilikuwa hapa." Alijigusa koo. "Nimwambie nini? Mkwe wangu, gari lililokuletea mke wako halina breki? Lile analolicheka kila siku? Nikasema mwanamume ana leseni yake, ataona mwenyewe. Akaondoa jiwe, akalisukuma kidogo, akawasha. Akanipungia mkono. Nami nikampungia."

Kwa jirani mtu alikuwa akitwanga, akaacha.

"Ulijua mlima uko hatua chache tu," Msumeno alisema.

"Nilijua. Naishi hapa."

"Na ulijua wanavyomshtaki mwanao."

"Nilijua nitasema. Kila nikifungua mdomo namwona huyu." Alionyesha mlangoni kwa kidevu. "Nitamwambiaje mwanangu kwamba nilimuua mumewe kwa kuona haya?"

Binti alikuwa amesimama, ameshika mwimo wa mlango. Hakuwa analia. Uso wake ulikuwa umekauka kabisa.

"Mama."

"Mwanangu, nisamehe."

"Sikiliza kwanza. Nimelala naye chumba kimoja tangu harusi, na sikumwambia. Alikuwa akimcheka baba kila tukitoka hapa. Nikasema nikimwambia na la breki, itakuwa simulizi ya kwenye kila kikao, baba yangu hatakuwa na pa kuweka uso. Jana nilikuwa dirishani. Nilisikia likiwaka. Nilikuwa na muda wa kupiga ukelele." Alimtazama Msumeno. "Andika na mimi."

"Kwa nini hakuna aliyeniambia mimi?" Mzee aliuliza. Sauti ilimtoka kama ya mtoto. "Kwamba nilikosea. Mngeniambia."

"Tulikuambia, baba," binti alisema. "Kaka alikwambia umpelekee fundi wa magari atazame. Hukuongea naye siku ngapi? Ukatuletea hodi, tukacheka. Tulicheka ili usikasirike."

Mzee aliificha mikono yake katikati ya magoti.

Msumeno aliinuka, akakung'uta sketi. Mauaji hayakuwepo tena. Hilo angeliandika jioni ileile, na kijana angetoka. Lakini mtu alikuwa amekufa, na sheria ina jina lingine kwa mwenye kujua hatari akaiachia iende barabarani. Nani angelibeba jina hilo, na kwa uzito gani, angeamua mwendesha mashtaka. Aliwaambia hivyo, kwa maneno ya kawaida, bila kuwaficha. Akawaambia wavae viatu, wote watatu, maelezo yanachukuliwa kituoni.

Binti aliingia ndani akatoka na mtandio wa mama yake, akamfunika mabegani, mikono yake haikukaa hata kidogo juu ya mabega hayo. Mzee alivaa kiatu kimoja, akasahau kingine, akarudi kukifuata. Mama aliokota punje zilizomwagika, moja moja, mpaka Msumeno akamshika kiwiko.

"Afande," mama aliuliza walipofika getini. "Umesema mwanangu anatoka leo?"

"Anatoka leo."

"Akifika hapa atamkuta nani?"

Msumeno alilisukuma geti, likafunguka bila hata mlio, na akawatanguliza mbele.